Makochi Sikuyaondoa Mimi

Jumamosi ile zamu ya ibada ya nyumbani ilimwangukia Mfariji, na safari hii hakuwa na pa kukwepea. Zamu iliyopita alisingizia bomba kupasuka. Kabla ya hapo alimwomba Mama Duka wabadilishane. Sasa kikundi kilikuwa kimezunguka kwa akina mama wote, ikabaki nyumba yake tu.

Mfariji lilikuwa jina la kupewa. Palipotokea msiba au mgonjwa, yeye ndiye aliyetangulia kufika na wa mwisho kuaga. Alishona sare za shule, na mara nyingi mguu ulikuwa kwenye cherehani huku mdomo ukimtia mtu moyo kwenye simu. "Mungu hajakuacha, mpenzi," angesema, na mtu wa upande wa pili angejikuta anapumua.

Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuja na kuondoka, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mbona haonekani. Hawakujua kwamba siku Mfariji alipokwenda kukaa na wafiwa, dereva alirudi na lori tupu, akapakia makochi, kabati, meza na kitanda, akahamia kwa mwanamke mwingine. Alimwachia cherehani na godoro la wageni. Sakafuni palibaki alama za miguu ya makochi. Jioni ile Mfariji alikohoa, nyumba ikamrudishia kikohozi chake, akashtuka kama aliyesikia mtu chumba cha pili. Hakukuwa na mtu.

Siku ya zamu alitandika mikeka. Alikuwa amepania kuwaambia mlangoni, kabla hawajavua viatu. Lakini Mama Duka aliingia wa kwanza, na mdomo wake hauna breki.

"Jamani, njooni mwone. Mwenzetu ametoa makochi yote ili tuenee. Siku yangu mlibanana kama njiti za kiberiti, na sikusogeza hata kigoda."

"Ungekisogezaje, na ndicho kinachoshikilia ukuta?" mwalimu wa chekechea akamjibu.

Walicheka, wakakaa, wakainyoosha miguu. Mmoja akasema huo ndio ukarimu wenyewe.  Mfariji alikwenda jikoni, akasimama mbele ya sinia la vikombe mpaka chai ikaanza kupoa.

Waliimba. Wakafika kwenye haja, ambapo kila mama husema linalomsumbua, na mwenye nyumba hufunga kwa kuwaombea wote. Kwa utaratibu huo, mwenye nyumba hasemi lake.

Msusi, mdogo wao wote, aliyeolewa juzijuzi tu, alikuwa akichezea uzi wa mkeka.

"Mimi sina haja. Nimekuja kuaga. Najitoa kwenye kikundi."

"Kulikoni, mwanangu?"

"Mume wangu ameniacha. Najua mtaniambia nivumilie. Lakini mkitoka hapa mnarudi kwa waume zenu. Ni maneno ya walioshiba, mama zangu. Mnisamehe."

 Mama Duka akamgusa Mfariji bega. "Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye maneno."

Maneno yalikuwapo, yamepangwa kama vitambaa vilivyokwisha kukatwa. Mfariji alimtazama binti yule, ambaye tayari alikuwa anatafuta mkoba wake kwa mkono, akajua kwamba akisema yale ya kila siku, hatamwona tena.

"Makochi sikuyaondoa mimi," alisema. "Yalichukuliwa. Baba wa nyumba hii amehama, kaenda kwa mwingine. Nalala chini."

"Na lile bomba?" Mama Duka aliuliza taratibu.

"Halikupasuka."

Msusi aliuacha mkoba. "Na bado unaomba?" Hakuuliza kwa dhihaka.

"Siku nyingine naomba. Siku nyingine nasema tu, Bwana, nipo hapa, basi, naishia hapo. Sijui kama hiyo ni sala. Asubuhi nakuta nimeamka, na kuna mtu wa kumjulia hali. Nadhani ndivyo anavyonishika. Sina jingine la kukwambia."

Binti alilia, na Mfariji hakumnyamazisha.

Akina mama walitazamana. Kwenye kilio chochote, Mfariji ndiye aliyekuwa akianza, wao hufuata. Sasa kila mmoja alimngoja mwenzake, na hakuna aliyejua pa kushika. Mwishowe mwalimu akafunga kwa sala fupi iliyokwama katikati. Walikusanya vikombe, wakaahidi kuja, wakatoka wakinong'ona. Mama Duka alimkumbatia Mfariji muda mrefu, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Mganga hajigangi, watu husema, lakini hawa hawakuwahi kufikiri kwamba mganga naye huugua.

Msusi alikuwa wa mwisho kuvaa viatu.

"Jumamosi ijayo ni kwa nani?"

"Tunaanza upya. Anayetaka anasema."

"Basi njooni kwangu," alisema, akiinamia kifungo cha kiatu. "Ila na mimi sina vikombe vya kutosha."

"Tutakuja na vyetu."

Alipoondoka, nyumba ikawa kubwa tena. Mfariji alikaa mkekani, akaanza kuwaombea watu wake mmoja mmoja: mjane, mgonjwa, binti msusi.  Alipofika mwisho akasema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeomba kupishwa njiani, "Na mimi."