Kidonge cha Mize Siku ya Posa

Siku wakwe walipokuja kutoka Pangani kumposa Raya, binti wa Mize, nyumba ya Mize hapa Bagamoyo ilijaa mpaka kuku wakakosa pa kupita. Mimi Dija, jirani yake, penye watu ndipo ninapopona. Tangu asubuhi nilikuwa jikoni nakuna nazi na kusengenya.

"Mize, umebaki mifupa," shangazi yake, Bi Shufaa, akamtupia. "Mumeo hakulishi?"

"Nataka gauni la arusi ya Raya linikae, shangazi."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Gauni lilikuwa kisingizio. Mize ana ugonjwa wa sukari, na aliyelijua hilo ni mimi tu, tena kwa kiapo. Sukari hiyohiyo ilimkata mama yake mguu, mguu ukatangulia kuzikwa. Mtaani ikasemwa alichomwa msumari. Tangu hapo Mize akilala huota msumeno. Ndipo akaokota kwenye simu mlo wa awamu: awamu ya kwanza hakuna wali, mhogo, chapati wala nanasi, ni samaki, mayai na mchicha, awamu ya pili vinarudishwa kidogo kidogo. Vidonge vyake vya sukari akaendelea kumeza vilevile, bila kumuuliza daktari. Na siri ilikuwa lazima ikae, maana watu wa posa huulizia maradhi ya ukoo. Wakisikia, binti yake Raya ataachwa.

Asubuhi hiyo nilimwona anameza kidonge. Kula hakula. Mwenye shughuli hatangulii wageni kula, ndivyo tulivyolelewa, na wageni walichelewa.

Walipofika, alikuwa anapakua pilau mwiko ukamtoka mkononi. Jasho likammwagika, mikono ikatetemeka, akanitazama kama hanijui.

"Mama, mguu wako kauchukua nani?" akasema, akaporomoka sakafuni.

"Kapandwa na shetani!" Bi Shufaa akapiga ukelele. "Leteni ubani! Fungeni madirisha!"

Moshi ukajaa. "Sema, wewe nani?" Bi Shufaa akamkemea huyo shetani. "Unataka nini kwa mtoto wetu?" Shingo ya Mize ilianza kulegea. Mlangoni alisimama Bi Kuruthumu, mama wa bwana arusi, kanga mdomoni, anatazama.

Ulimi wangu huu, ambao haujawahi kufikisha neno nyumbani kutoka soko la samaki bila kulimwaga njiani, ukawa mzito kama jiwe. Nikisema, namvunjia Raya. Nikinyamaza, namzika Mize.

"Si shetani!" nikapasuka. "Ana sukari! Kameza dawa, hajala! Leteni asali!"

"Ana sukari, halafu asali?" Bi Shufaa akanikodolea macho. "Unataka kumuua?"

"Imeshuka! Inamuua kwa kushuka! Jamani, leteni!"

Hakuna aliyesogea. Kisha Bi Kuruthumu akatupita, akachukua chupa ya asali kwenye sinia walilokuja nalo wao wenyewe, akampakata Mize, akachovya kidole, akampaka ndani ya shavu. Akachovya tena. Na tena. Tukasikia anameza.

Macho yalipomrudia, Mize alimwona aliyempakata, akaiona na chupa. Akanigeukia mimi.

"Wamejua?"

Wanawake wote jikoni wakamgeukia Bi Kuruthumu.

Bi Kuruthumu akafuta kidole kwenye kanga. "Mpeni chakula, kisha apelekwe hospitali," akasema. "Posa itangoja."

Mize akanishika mkono. "Itangoja, Dija, au ndiyo imevunjika?" akaninong'oneza.