Hatua za Sehemu ya Pili

Kazi yangu ni kuua kabichi. Kisu kinapoingia kifuani mwa mtu kwenye filamu, mlio ule ni mimi, nimesimama studio na kabichi mezani na kipaza sauti karibu. Mifupa ikivunjika, ni karoti. Hatua za miguu nazo ni zangu. Nyingi nazitembea kwenye korido ndefu ya nje, ambako tumetundika kipaza sauti juu ya mlango. Ndiyo maana wenzangu wananiita Mama Kishindo.

Filamu yetu ya kwanza ya muuaji ilivuma. Watu hawakuogopa damu, waliogopa hatua. Muuaji haonekani uso, anasikika tu akija: mguu wa kulia unatua, wa kushoto unaburutwa. Mwongozaji aliniuliza nimezitoa wapi, nikamwambia kichwani. Haikuwa kweli. Nilizitoa kwa mume niliyemkimbia, nikahama mji nisionekane tena. Miaka mingi nililala nikizisikiliza hatua hizo ili nijue leo napigwa au naachwa. Kitu kimoja tu sikukitia. Akifika mlangoni, kabla hajaingia, alikuwa akigonga kizingiti kwa ncha ya kiatu, mara moja, polepole. Hicho sikuthubutu, hata mchana kweupe.

Asubuhi moja mwongozaji aliniletea studio sehemu ya pili, akafunga mapazia, akaketi kando yangu akitafuna kucha.

"Mama Kishindo, usinionee haya. Niambie ukweli."

"Lini nilikuonea haya, wewe?"

Nilitazama nimenuna, ndiyo tabia yangu. Sehemu za pili huharibiwa na pupa. Watengenezaji hudhani aliyeogopa maiti watatu ataogopa zaidi akirundikiwa kumi, kumbe akifika wa nne anatafuta soda yake. Filamu ya kwanza hutisha kwa tusichokijua. Ya pili haina tena siri hiyo, kwa hiyo itutishe kwa tunachokijua: muuaji hakufa, na sasa anajua msichana anakaa wapi. Hapo mwongozaji alikuwa amepatia. Msichana amehamia nyumba mpya, ana maua dirishani, ameanza kucheka, na sisi tunaona mlango haujafungwa sawasawa. Kasoro niliiona moja. Muuaji amejifunza, lakini msichana ni yule yule, hajui ila kupiga mayowe.

Kisha hatua zikaja. Wa kulia ukatua, wa kushoto ukaburutwa.

"Hizo si zangu," nikasema.

"Si zako!" Alipiga makofi kama mtoto. "Nilikuwa nakuficha. Mwigizaji mpya wa muuaji ndivyo anavyotembea, tumezinasa palepale. Alikuja ofisini bila kuitwa. Akasema ameiona ile ya kwanza, na aliyetembea vile anaujua mwendo wake kuliko mama yake mzazi. Akataka kujua ni nani."

Kwenye skrini hatua zilifika mlangoni kwa msichana, zikasimama. Ncha ya kiatu ikagonga kizingiti, mara moja, polepole.

Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Ukamwambia?"

"Nimwambie nini?"

"Mimi ni nani! Niko wapi!"

"Sasa si lazima mkutane? Anakuja asubuhi hii hii kukusalimia. Mama, mbona umesimama? Filamu ni mbaya?"

"Filamu yako ni nzuri mno," nikamwambia. "Yule ni mume wangu. Aliapa akinipata ataniua."

Alicheka kidogo, akadhani namtania. Mtu aliyezoea visu vya mpira huchelewa kuelewa. Nilikimbilia mlango nikashusha komeo. Mlango wenyewe ni mmoja, na madirisha yana nondo. Nilirudi kutafuta simu yangu kwenye mkoba, nikaanza kufungua zipu.

Ndipo spika zikaanza. Wa kulia ukatua, wa kushoto ukaburutwa.

Mwongozaji aligeuka kutazama skrini. Skrini alikuwa ameshaizima.

"Ni korido," nikamnong'oneza. "Kipaza sauti cha nje kiko wazi."

Hapo aliamini. Uso ulimpauka, yeye aliyechinja watu filamu mbili bila kukosa usingizi. Hatua zilikuja bila haraka, kama za mtu anayerudi kwake. Zikasimama. Kisigino cha kiatu hakikusikika, ila ncha yake ikigonga kizingiti, nasi tuliisikia mara mbili, kwenye spika na chini ya mlango wetu.

"Mke wangu," ile sauti ikasema kwa upole. "Uko peke yako humo?"

Mwongozaji alifungua mdomo, nikamziba kwa kiganja. Huyu mwanamume nilimjua. Mbele za watu ni asali. Ya moyoni huyatoa tukiwa wawili tu, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuniamini, si wakwe, si polisi. Kwenye filamu, msichana hapa angepiga mayowe.

Nilinyoosha mkono, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Taa nyekundu ikawaka.

"Niko peke yangu," nikajibu, kwa sauti ile ile ya zamani, ya mke anayeomba asipigwe. "Umekuja kunifanya nini?"

Naye, taratibu, bila kuacha kitu, akanieleza.