Kabari za Steji ya Keumbu

"Choo gani hicho, Baba Mokeira, kinachokuita kila mama yangu akishuka kwenye basi?"

Makori alikuwa amekaa kwenye kigoda, akijifanya anafunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tangu alfajiri.

"Tumbo halina saa," alisema.

"Lako linayo. Linafuata saa ya basi la kutoka Nyamira."

"Kwamboka, majirani wanasikia."

"Wasikie! Wamesikia tangu siku ile mama alipoanguka, leo ndiyo watashtuka?"

Ugomvi huu ulianza uji ukiwa moto, na sasa uji ulikuwa umefanya utando juu na hakuna aliyeugusa. Nje mvua ilikuwa nyembamba, ile ya Keumbu isiyokoma wala isiyonyesha sawasawa. Ilikuwa Ijumaa. Basi lingepita saa nne kwenda Kisii, na baada ya hilo hakuna jingine mpaka Jumapili.

Makori ndiye aliyekuwa mtu wa steji. Kampuni ya mabasi ilimpa koti la kaki, filimbi, na kabari mbili za mkaratusi, kila moja nzito kama mtoto wa mwaka. Watu wengine walidhani kazi ya kulaza vipande viwili vya mti ni kazi ya bure. Waliodhani hivyo hawakuwa wameona basi likirudi nyuma. Steji ilikuwa kwenye mteremko, basi lilisimama likiwa limeinua pua mlimani, na breki ya mkono ilikuwa imezeeka kuliko dereva. Kwa hiyo sheria ilikuwa moja: abiria asikanyage ngazi, kupanda wala kushuka, kabla kabari hazijakaa nyuma ya magurudumu na filimbi haijalia.

Wiki mbili zilizopita filimbi haikulia. Makori aliona kilemba cha mama mkwe wake, Mama Orpah, dirishani, akatoweka nyuma ya ghala la mahindi. Kondakta alikuwa juu ya paa akifungua mikungu ya ndizi, akaamini kabari zipo kama siku zote. Mama Orpah akatoa mguu, basi likarudi nyuma hatua mbili, naye akaanguka kwa goti juu ya mawe. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake na mtoto mgongoni alidakwa na Zilpa, muuza samaki, la sivyo tungekuwa tunasimulia habari nyingine.

Tangu siku hiyo Mama Orpah alilala kwa Zilpa, ng'ambo ya barabara, kwa sababu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Goti lilikandwa kwa maji ya moto, likapakwa siagi, likaombewa. Lilizidi kuvimba. Jana dresa, muuguzi wa misheni, alilibonyeza mara moja tu, akasema, "Hospitali ya Kisii. Kesho. Mkingoja Jumapili msinilaumu."

"Nimeongea na Ogari," Makori alisema sasa, macho yakiwa kwenye viatu. "Ataweka kabari leo badala yangu."

"Ogari! Ogari aliyeweka kabari mbele ya gurudumu, akakaa juu yake akavuta tumbaku?"

"Nimemfundisha."

"Mama yangu atapanda ngazi kwa mguu mmoja, gari liko mlimani, na anayelishika ni Ogari. Heri umchimbie kaburi kabisa, upumzike."

Makori aliinuka. Alikuwa mtu mrefu, na alipoinuka nyumba ilionekana kupungua.

"Unajua mahali ninapochutama nikishika kabari?"

"Nyuma ya gurudumu. Nani asiyejua?"

"Na ngazi iko wapi?"

Kwamboka aligeuka akatazama barabarani.

"Iko juu ya kichwa changu," Makori alisema. "Hapa mimi, hapa ngazi. Nguo ya mama yako inapita juu ya uso wangu, Kwamboka. Mama yako! Ni mkwe wa namna gani atakayekaa hapo akiangalia?"

Kwamboka alikuwa amelitafuta kosa la mumewe kila mahali, katika uvivu, katika woga, hata katika pombe ambayo hakunywa, lakini hapa hakuwa ametazama. Naye alikuwa mtoto wa Kigusii kama mumewe. Aliijua ensoni, ile haya iliyo heshima: mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwenziwe apite. Miaka tisa Makori hakuwahi kutamka jina la Orpah. Lakini kila mwezi sukari ratili mbili ilipanda basi kwenda kwake, na hakuna aliyemwagiza.

"Nilimsikia akilia siku ile," Makori alisema polepole. "Nilikuwa nyuma ya ghala. Mguu wangu ulitoka kumfuata, ukarudi. Tangu hapo silali, unanionaje?"

"Nakuona mjinga," Kwamboka alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Alimsogelea akamfunga kifungo cha juu cha koti, ambacho kila siku alikisahau. "Mbona hukuniambia? Mimi nilidhani unamdharau."

"Mambo hayo mtu anamwambiaje mke wake?"

"Kwa mdomo." Akavuta shuka nyeupe kitandani kwa nguvu, mto ukaanguka chini. "Hii tutaishika mimi na Zilpa kati ya ngazi na gurudumu. Wewe utakuwa upande wako, mama upande wake. Hutaona hata kisigino. Chukua kabari zako."

Honi ilisikika mbali, kwenye kona ya chini. Makori akaitazama shuka. Akazitazama kabari zilizoegemea mlango. Akazichukua, moja kila kwapa, akatoka mvuani.

Zilpa Aluoch alikuwa tayari amemketisha Mama Orpah kwenye sanduku la samaki kando ya barabara, mguu umenyooka mbele kama mpini wa jembe. Mara tu mama mkwe na mkwe walipoonana, kila mmoja aligeuza uso, huyu kwenye matope, yule mbinguni.

"Ah, shemeji, leo tumbo limepona?" Zilpa akaita.

"Zilpa, niache."

"Mimi sikulaumu. Kwetu ziwani pia mkwe hukimbia. Ila hukimbia akiwa amekwisha kufunga mtumbwi."

Basi likaja likinguruma, likasimama, likatetemeka. Makori akaingia chini yake kabla halijatulia. Kabari ya kwanza, gonga. Kabari ya pili, gonga. Akazisukuma kwa kisigino, akazijaribu kwa mikono, akapuliza filimbi. Watu wawili wakashuka salama bila hata kujua kwamba kuna jambo. Naye hakuondoka. Alichutama mahali pake, amefumba macho.

"Haya, Zilpa, shika ncha!" Kwamboka aliamuru, na shuka ikatandazwa kama ukuta. Ukuta mzuri. Kisha wote wawili wakamtazama Mama Orpah, halafu wakatazama mikono yao.

"Na sasa nani atamwinua?" Zilpa akauliza.

Kwamboka alikuwa amefikiri kila kitu isipokuwa hilo. Waliiacha shuka, wakamshika mama huku na huku, wakamfikisha kwenye ngazi ya kwanza. Goti halikukunjika. Mama Orpah hakuwa mwanamke mdogo, ngazi ilikuwa na utelezi, na kwenye ngazi ya pili alitoa sauti ambayo Kwamboka hakutaka kuisikia tena maishani. Wakamrudisha kwenye sanduku. Kondakta alikuwa paani amekumbatia kreti la kuku. Dereva, Ombati, alitoa kichwa dirishani.

"Wamama, mimi sina siku nzima! Huyo anasafiri au hasafiri?"

"Anasafiri!" Kwamboka akafoka.

"Basi apande!"

Kando ya gurudumu Makori alikuwa amefumbua macho. Mikono yake iliyobeba magunia ya mahindi kila siku ya soko ilikuwa magotini, inakunjuka na kukunjika. Kwamboka aliona mguu wake ukitoka hatua moja. Aliona ukirudi. Kuna mambo ambayo hata mke mwenye mdomo kama wake hawezi kumsukumia mtu.

Mama Orpah naye aliuona ule mguu. Alipumua kwa maumivu, mvua ikimdondoka puani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Kwamboka, mtu wa steji anapakia nini?"

"Mizigo, mama."

"Mizigo ya nani?"

"Ya yeyote. Mama, unauliza nini wakati huu?"

"Nipe hiyo shuka."

Akaichukua mwenyewe. Akajifunika kichwa, uso, mabega, akaikusanya miguuni na kuikaza kiunoni kwa fundo, mpaka kwenye sanduku la samaki hakukuwa na mwanamke tena, bali furushi moja kubwa jeupe. Kutoka ndani ya furushi sauti ikatoka:

"Mimi ni mzigo. Mzigo hauna mkwe. Mwambieni apakie, goti linauma."

Zilpa alijishika mdomo kwa mikono miwili. Kwamboka hakucheka, kwa maana angecheka angelia.

Makori alisimama. Alitazama kabari zake kwanza, moja, ya pili, akazipiga teke kuhakikisha.

"Kwamboka, njoo ukanyage hii. Usiondoe mguu mpaka nikwambie."

Kwamboka akakimbia akakanyaga kabari kwa uzito wake wote. Makori akapangusa mikono kwenye koti, akainama, akauingiza mkono mmoja chini ya mgongo na mwingine chini ya mapaja, mbali na goti, polepole, kama mtu anayebeba mayai. Akauinua mzigo. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Basi halikusogea hata upana wa kidole.

Mlangoni alisimama, hajui atazame wapi, maji yakimtiririka shingoni.

"Mzigo huu," alisema, akilisemesha dari la basi, "uwekwe wapi?"

"Dirishani," shuka ikajibu.

"Mizigo haikai dirishani."

"Huu unakaa."

Makori akauweka dirishani, akaunyosha mguu wake juu ya kiti cha pili, akavua koti la kampuni na kulikunja chini ya goti. Akashuka. "Ondoa mguu sasa," akamwambia Kwamboka, naye akapanda kukaa na mama yake. Ndipo Makori akapuliza filimbi ya kuondoka kwa muda mrefu, akaziondoa kabari.