Blanketi la Mkopo

Nkuba alikopa ili aonekane mtu asiye na shida. Ukimuuliza leo atakuzungusha weee, atakutajia bei ya mbolea na mvua zilizochelewa, lakini ukweli ni huo. Alikuwa fundi wa pawatila pale Chimala, vile vitrekta vya kusukuma kwa mikono vinavyolima majaruba ya mpunga, na kazi alikuwa nayo tele. Pesa ndiyo hakuwa nayo. Wateja wake wote walikuwa wa "nikivuna nakuona", na Nkuba alikuwa na ugonjwa wa aibu. Injini nzima aliweza kuifungua na kuirudisha, ila kumtazama mtu usoni na kumwambia nilipe, hapo mdomo ulimkauka.

Sasa kijana wa namna hiyo akaenda kumpenda Regina, binti wa Mzee Mwigulu wa Igawa. Mzee Mwigulu alihama na ng'ombe wake kutoka Usukumani zamani, akashuka nao mpaka bonde la Usangu, na ingawa siku hizi analima mpunga kuliko anavyochunga, bado kila kitu anakipima kwa ng'ombe. Nyumba ya bati ni ng'ombe kadhaa. Ada ya shule ni ndama. Kwa mtu kama huyo huendi kujitambulisha mikono mitupu, tena ukiwa na koti linalonuka dizeli.

Basi Nkuba akaingia kwenye simu. Kuna programu moja ya kampuni ya Dar inaitwa Mteremko, inakukopesha ukiwa umelala kitandani. Ikauliza kama inaruhusiwa kusoma majina yote ya kwenye simu yake, akabonyeza Ruhusu. Ikauliza kama inaruhusiwa kuona meseji zake, akabonyeza Ruhusu. Ikataka mdhamini. Hapo akafikiri kidogo, kisha akaandika jina lililoonekana zito kuliko yote aliyokuwa nayo, Baba Mkwe. Mkwe mwenyewe alikuwa hata hajamkubali, lakini watu wa Dar watajulia wapi mambo ya Igawa? Aliomba laki mbili, ikaingia laki na nusu, iliyobaki wakasema ni ya huduma. Huduma gani, hawakusema, na yeye hakuuliza. Akanunua koti, akanunua kitenge cha mama yake Regina, na blanketi zito la maua mekundu la mzee.

Mzee Mwigulu alilipenda blanketi lile kupita kiasi. Alijifunika palepale mbele ya wageni, jua likiwa utosini, akasema mahari itazungumzwa baada ya mavuno. Nkuba akarudi Chimala anapiga mluzi.

Mavuno yakachelewa. Mteremko haukuchelewa.

"Kaka Nkuba, habari za asubuhi. Naitwa Gloria, napiga kuhusu mkopo wako."

Sauti ilikuwa laini, ya mtu anayekuulizia hali ya mgonjwa. Siku ya kwanza Nkuba alimwahidi atalipa kesho. Kesho yake akamwahidi kesho. Baadaye akawa anaitazama tu simu ikiita, halafu akaanza kuizima, na fundi aliyezima simu ni fundi aliyefunga kazi. Wateja wachache waliotaka kumlipa nao wakamkosa.

Juma la kwenda kuzungumza mahari, Gloria akaacha upole. Meseji ilikwenda kwa kila jina lililokuwa kwenye simu ya Nkuba. Ilimfikia muuza spea wa Mbeya mjini, katekista, shangazi, mpaka mama wa chapati ambaye jina lake hakulijua vizuri. "UNAFAHAMISHWA KUWA NKUBA NI MDAIWA SUGU. MWAMBIE ALIPE MARA MOJA KABLA YA HATUA KALI." Ya Baba Mkwe ilikuwa na nyongeza, kwamba yeye ndiye mdhamini. Nkuba alipoisoma ile ya mama wa chapati, masikio yalimwaka moto. Aliona kwamba Regina amekwisha kumpotea. Hakuwahi kutaka kitu duniani kama alivyomtaka yule binti, na sasa alikuwa amemuuza kwa koti.

Regina naye alikuwa ameipata. Alimwandikia maneno mawili tu: "Ningekupa mimi." Hayo yalimuuma kuliko yote ya Gloria.

"Baba mdogo, tusiende," akamwambia Paulo, mdogo wa marehemu baba yake, aliyekuwa msemaji wake kwenye mahari.

"Usipokwenda utakuwa umekubali kwamba wewe ni mwizi," Paulo akasema. "Tunakwenda. Kama ni kufukuzwa, ufukuzwe ukiwa na koti lako."

Wakashuka Igawa asubuhi ya baridi. Mzee Mwigulu alikuwa amekaa mbele ya nyumba na wazee wawili wa ukoo, amejifunika blanketi la maua mekundu mpaka kidevuni. Nyuma yake, chini ya banda, ilisimama pawatila yake. Nkuba aliifahamu kila nati. Mwaka jana aliifumua yote, akabadilisha pistoni na ringi zake kwa pesa ya mfukoni mwake. Mzee akasema nikivuna nakuona, akavuna, na hakumwona.

Wakaamkiana, wakaletewa chai. Mzee akakohoa.

"Kuna kampuni ya Dar inakutafuta."

"Shikamoo tena, mzee. Naomba unisamehe, mimi..."

"Ngoja kwanza." Mzee akatoa mkono ndani ya blanketi. "Mimi nimekaa hapa Igawa mpaka nimeota mvi. Nilikwenda benki kuomba mkopo wa trekta, wakataka hati ya shamba, wakataka picha, wakataka barua ya mtendaji, halafu wakaninyima. Wewe hawajakuona hata sura, wamekupa. Nikajiuliza, hawa wameona nini? Watu wa Dar siyo wajinga. Hawawezi kushinda wanampigia simu mtu mtupu."

Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Paulo akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nikampigia huyo binti Gloria, kwa vocha yangu mwenyewe. Nikamuuliza, huyu kijana ni mtu wa namna gani? Akasema, mzee, huyo ni mteja wetu muhimu, sisi tulimwamini kabisa. Maneno yake hayo." Mzee akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine. "Zamani nilikuwa nawaza ng'ombe kumi na wawili. Hao walikuwa wa Nkuba fundi. Huyu anayefuatwa na makampuni ni ishirini."

Paulo alikuja amejiandaa kumtetea kijana kwamba si maskini. Sasa ikabidi ageuke. Akaapa kwamba Nkuba hana kitu, kwamba anapanga chumba kimoja, kwamba hata kitanda ni cha kuazima. Kila alivyozidi kuapa ndivyo Mzee Mwigulu alivyozidi kutabasamu, maana maisha yake yote hakuwahi kumsikia mwenye ng'ombe wengi akikiri kwamba anao. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Wakakomea kumi na saba, walipwe kidogo kidogo.

Nkuba hakujua acheke au alie. Amepata mke kwa sababu ya deni, na deni lenyewe limeongeza ng'ombe watano.

Simu ya mzee ikaita. Akaiweka sauti ya juu ili kila mtu asikie.

"Shikamoo mzee, ni Gloria tena."

"Marahaba, mwanangu. Tuko hapa kwenye mahari ya mteja wako."

"Hongereni, mzee. Sasa kuhusu lile deni, leo ndiyo mwisho."

Mzee Mwigulu hakutaka mkwe wake mpya aitwe mdaiwa mbele ya wazee. Akamwita Regina. Regina akaja, hakumtazama Nkuba hata kidogo, akaandika namba za malipo kwenye simu ya baba yake, kisha mzee akajifunika blanketi kichwa kizima ili kuweka namba yake ya siri. Alipochomoka, deni la Dar lilikuwa limekwisha. Mara ile ile simu ya Nkuba ikalia mfukoni. Mteremko ulimpongeza na kumwambia kuwa sasa anaweza kukopa mara mbili.

"Haya," mzee akasema. "Dar hawakudai tena. Nakudai mimi. Na mimi sipigi simu, nakuja mwenyewe."

Nkuba akaitazama pawatila. Pistoni na ringi zile zilikula pesa karibu sawa na deni lile, kwa kazi iliyokwisha mwaka jana. Maneno yakampanda mpaka kooni. Paulo akamkanyaga mguu chini ya meza, na maneno yakarudi yalikotoka.

"Asante sana, mzee," akasema Nkuba.

Regina aliyaona hayo yote. Walipoaga, akawasindikiza hadi karibu na barabara kuu, amejitanda kitenge kile cha mkopo alichoazima kwa mama yake. Paulo, kwa kuwa si mtu mbaya, akatangulia mbele kununua karanga.

"Nisamehe," Nkuba akasema.

"Bado," Regina akasema. "Gloria hajawahi kukuona, kapiga simu siku chache tu, kalipwa. Wewe tangu mwaka jana unapita pale nyumbani, unaiona ile mashine inafanya kazi, unasema shikamoo mzee."

"Ni baba yako, Regina. Nitamwambiaje?"

"Hutamwambia wewe." Akanyoosha mkono. "Lete simu yako hapa."

"Ya nini?"

"Nataka namba ya Gloria. Nitamwambia kuna mzee mmoja hapa Igawa hajalipa ufundi wa pawatila, na mdhamini wake ni mimi."

Nkuba akacheka kwa mara ya kwanza juma zima. Halafu akaona kwamba mwenzake hacheki, mkono bado umenyooshwa, akaitoa simu mfukoni akampa.