Alama za Mwalimu Syombua

Bwana Laban, mkuu wetu wa kazi, ndiye aliyeanzisha desturi ya kadi. Kila mfanyakazi wa maktaba yetu ya Machakos alitakiwa kusoma angalau kitabu kimoja kwa wiki, kisha aandike mistari michache nyuma ya kadi kuukuu ya katalogi, atie jina lake na kuichomeka ndani ya jalada. Msomaji asiyejua achukue nini angesoma kadi kwanza.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni mwaka mmoja tu, na sauti yangu ilikuwa ndogo, hata watu walioniuliza jambo kwenye kaunta walilazimika kuinama ili wanisikie. Kadi ziliniokoa. Kwa kadi nilimpa Ndunda, fundi wa redio, hadithi za upelelezi: "Usianze hiki kama una redio ya mtu mezani." Kwa kadi nilimpa Mutanu wa kidato cha tatu riwaya ya mapenzi ambayo mama yake angeweza kuifungua ukurasa wowote bila kugombana na mtu.

Na kwa kadi nilimjua Mwalimu Syombua, ambaye sikuwahi kumwona.

Mumewe, Mzee Maundu, alikuja kutoka Muthetheni Jumatatu moja kila wiki mbili, siku ya soko, kofia mkononi na tiketi ya mkewe ya kuazimia vitabu mfukoni. Mwalimu alikuwa na uvimbe tumboni. Mwanzoni mwa mwaka wa 1998 madaktari wa Nairobi walimwambia arudi nyumbani apumzike. Hakuweza tena kushika kitabu kwa muda mrefu, kwa hiyo mzee alimsomea kwa sauti kila siku baada ya chai ya saa kumi. Alianza na kadi.

Kadi ya kwanza ilirudi ikiwa na wino mwekundu: 6/10. Chini yake, kwa mwandiko ulionyooka wa ubaoni, palikuwa na maneno haya: "Umesema kizuri sana. Kizuri kwa nini?"

Nilimwonyesha Bwana Laban huku nikiona haya. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Chuoni walikupa diploma," akasema. "Huyu sasa ndiye atakusomesha."

Tangu siku hiyo, nilipoandika kadi nilimwandikia yeye. Nilipata saba. Nikapata saba na nusu, na maelezo kwamba nusu ni ya mwandiko. Mzee naye aliniletea habari.

"Mwalimu anasema huyo chifu wa kwenye kitabu ni mjinga kama ndugu yangu Kitonga," aliniambia siku moja. "Mimi nikamwambia, Kitonga ako na ng'ombe kumi na mbili. Akasema hata chifu alikuwa nazo."

"Na yeye anaendeleaje, mzee?"

"Ako tu. Anasema ukuje siku moja akuone, mwiitu, binti yangu. Kuku iko."

"Nitakuja."

Nilisema hivyo kila mara, na sikwenda. Sikujua mtu huanzia wapi kuzungumza na mgonjwa.

Jumatatu moja ya mwezi wa Mei mzee alirudisha kitabu na hakusogea kwenda kwenye rafu. Aliizungusha kofia yake mikononi.

"Mwalimu amenituma. Amesema nikwambie vile alisema, nisibadilishe."

"Sema tu, mzee."

"Anataka kitabu cha mtu ambaye anakufa na anajua anakufa. Si cha kanisa. Cha kanisa analetewa." Akatazama mlangoni. "Sisi kule nyumbani hatuongei hayo maneno. Akina mama wanakuja, wanaomba, wanasema amepona. Hata mimi nasema amepona. Sasa amesema wewe ndiye unajua vitabu."

Kitabu hicho nilikijua. Kilikuwa chembamba, cha jalada la kijani, kwenye rafu ya chini karibu na dirisha. Nilikuwa nimekisoma chuoni. Kilimhusu mwanamke msusi wa vikapu anayejua hatapona, anayewaita watu wake mmoja mmoja kitandani na kumwambia kila mtu neno lake. Nilikwenda nikakichukua. Nikasimama nacho kati ya rafu. Niliwaza nikimpa nitakuwa nimemwambia afe. Nitakuwa nimemwandikia kwa mkono wangu mwenyewe na kutia jina.

Chuoni tulifundishwa kwamba msomaji hupewa alichoomba, si kile tunachoona kinamfaa. Nilipata alama nzuri katika somo hilo.

Nilirudi kwenye kaunta, nikatia kitabu cha kijani kwenye droo yangu, na nikampa mzee hadithi ya kuchekesha kuhusu mganga mwenye punda mkaidi. Kwenye kadi niliandika: "Utacheka. Mwisho wake ni mzuri."

Mzee aliisoma kadi palepale. Akakitia kitabu kwapani, akaaga.

Jumatatu yake ilipofika hakuja. Nilijiambia ni barabara, maana mvua za mwaka ule zilikuwa zimeiharibu. Ya pili pia hakuja. Alikuja siku ya Jumatano, mwishoni mwa Juni, na kitabu kikiwa kimefungwa kwa gazeti.

"Mwalimu alituacha," akasema. "Tulimzika Ijumaa."

Nilisema pole. Nadhani nilisema, hakuinama kunisikia.

Kadi ilikuwa ndani ya jalada. Haikuwa na alama. Ilikuwa na maneno mawili ya wino mwekundu, na mwandiko haukuwa umenyooka tena: "Sikuuliza hivyo."

"Hatukukimaliza," mzee akasema. "Alikuwa ananiambia nisome tu. Mara anacheka kidogo, mara anaangalia ukuta." Akaiweka tiketi ya mkewe juu ya kaunta. "Kile aliomba, kiko?"

Nilifungua droo. Nilijua ataanza na kadi, kwa hiyo nilichukua mpya nikaandika mbele yake: "Mwanamke huyu anakufa karibu na mwisho. Kabla ya hapo anawaambia watu wake yote aliyotaka kuwaambia. Nilikuwa nacho tangu Mei. Niliogopa."

Mzee aliisoma kwa sauti, kama alivyozoea, katikati ya watu waliokuwa wakisoma kimya. Alipofika kwenye Mei alisimama, kisha akaendelea mpaka mwisho.

"Tangu Mei," akasema.

"Ndiyo, mzee."

Aliichomeka kadi ndani ya jalada.

"Siku ile ulinipa cha punda," akasema, "hata mimi nilifurahi."

Tiketi ya marehemu hufutwa siku anapotajwa kuwa marehemu. Ndiyo kanuni. Bwana Laban alikuwa ametusikia. Aliinamia majarida na kuanza kuyapanga upya. Nikapiga muhuri wa tarehe na kukiandikisha kitabu kwa jina la Syombua Maundu.

Mzee alikirudisha siku mbili kabla ya tarehe, nilipokuwa nimetoka kwenda kula. Kadi yangu haikuwa ndani ya jalada. Niliikuta katikati ya kitabu, mahali ambapo mwanamke yule anamwita mumewe aje akae kitandani. Haikuwa na alama yoyote.