Pengo la Ringi

"Wewe dada utatusafishia bloki ya injini tu," mwenye gari alisema, bila hata kumtazama. "Kuijenga, aijenge mdogo wako. Nimesikia ana mkono."

Dada akaendelea kusugua. Ana mkono. Mkono huo huo aliufundisha yeye kushika spana, miaka minane iliyopita, ulipokuwa unaangusha nati kila dakika. Leo karakana nzima ilimwita mdogo wake Profesa. Yeye walimwita Dada, kana kwamba hakuwahi kuwa fundi, alizaliwa tu awe dada wa mtu.

Gari lilikuwa la mashindano, na sasa lilikuwa linafungwa supachaja, pampu ya kuisindilia injini hewa mpaka nguvu zake zipande maradufu. Shinikizo hilo huivunja injini ya kawaida kutoka ndani. Profesa alichagua vizuri, hilo Dada hakuweza kumnyima: pistoni za kufuliwa kama jembe, si za kumiminwa kwenye kalibu, konrodi nene za kuzishika pistoni hizo, zilizopimwa uzito moja moja, boliti mpya kabisa. Mwenye gari alizishika kama mtu aliyepewa kitoto cha siku mbili.

"Huyu mdogo wako, acha tu," alimwambia Dada.

"Nimeacha."

Alasiri wanaume hao wawili walikwenda kuchukua oili. Pistoni zilikuwa mezani, zimeshavalishwa ringi, zile pete za chuma za kuziba hewa, zinangoja kuingizwa. Dada akanawa mikono, akaipitia kazi ya mdogo wake kama mtu anayechambua mchele akitamani jiwe.

Akalipata. Alivua ringi moja, akaiweka ndani ya silinda, akapenyeza bamba la kupimia pale ncha zake mbili zinapokaribiana. Pengo lilikuwa dogo, la injini ya kawaida. Supachaja ikianza kazi, joto lingeitanua ringi, ncha zingegongana, na pistoni, hata ya kufuliwa, ingemeguka. Kesho, kwenye mashindano. Mbele ya watu wote.

Alicheka kidogo, peke yake. Angenyamaza tu. Nani angemuuliza msafisha bloki?

Kisha akalitazama bamba lenyewe, namba iliyochongwa juu yake, na kicheko kikamkauka. Ni kipimo kile kile alichokaririsha yeye mwenyewe, enzi za injini za teksi, mpaka mdogo wake akawa anakitaja usingizini.

Profesa alirudi na galoni mbili za oili. Mwenye gari alibaki nje, simu sikioni. Dada akamkabidhi mdogo wake ringi na bamba.

"Injini hii inasukumiwa hewa. Umesahau?"

Profesa akapima. Akapima tena. Uso ukamshuka.

"Dada, utamwambia?"

Dada alichukua tupa nyembamba, akaanza kulipanua pengo, taratibu, kwa upande mmoja. Wivu ulikuwa bado umemkalia kifuani, wala haukuwa na dalili ya kuaga.

Mlango ukasukumwa.

"Mbona ringi zinavuliwa tena?" mwenye gari aliuliza. "Nani kaharibu?"

Profesa akafungua kinywa. Dada akainua ringi kuelekea dirishani, akapuliza vumbi la chuma, akafumba jicho moja. Kwenye lile pengo jipya, uzi mwembamba wa jua ulipita.

"Sogea kidogo," akamwambia mwenye gari. "Unanizibia mwanga."