Kikohozi Ndani ya Leza

Jumanne moja, baada ya chai ya saa nne, Rwamba aliwasha leza mpya katika maabara ya chuo kimoja mjini Embu. Haikuzidi sanduku la viatu kwa ukubwa. Ndani yake diodi, taa ndogo ya umeme, iliangaza fuwele, na fuwele ikatoa mwale mwembamba wa kijani. Mwale ulikuwa ukitetemeka kidogo. Watu wa leza huita mtetemo huo kelele. Rwamba akaunganisha kihisi cha mwangaza na spika ili ausikie, na spika ikakohoa.

Alikitambua kikohozi hicho. Kilikuwa cha Misheck Njuki, fundi wa maabara, aliyezikwa kwao Siakago mwaka uliopita.

"Mwalimu, Siakago kumenyesha?" Misheck aliuliza.

"Bado."

Rwamba aliishi peke yake, na tangu Misheck afariki alikuwa akila chakula cha mchana peke yake pia. Wiki hiyo alikula kando ya spika. Misheck alizungumza habari za mbuzi wake, kisha akarudia ombi lake la zamani: chumba kitobolewe dirisha, mvuke wa dawa ya kusafishia lenzi upate pa kutokea.

Mkuu wa chuo, Bwana Munyi, alikuja akasikiliza hadi mwisho.

"Ni yeye," alisema. "Lakini wageni wanakuja Ijumaa. Punguza hiyo kelele."

Rwamba alitengeneza sakiti ya kupima mwangaza na kurekebisha umeme wa diodi papo hapo. Mwale ukatulia kabisa, na spika ikanyamaza. Wageni wakapiga makofi.

Jumatatu alifika Lydiah, mjane wa Misheck, amebeba kiondo cha ndengu. Rwamba alimpa kiti, akachomoa waya wa sakiti, na spika ikakohoa tena.

"Chuo kiliandika umeuawa na sigara," Lydiah alimwambia mumewe.

"Sijawahi kuvuta."

"Najua, Baba Kaari."

Akakaa akimsikiliza akikohoa, mpaka wanafunzi wakaanza kukusanyika mlangoni. Alipoondoka aliacha ndengu, maana mumewe hangeweza kuzila. Rwamba akarudisha waya.

Alizipika jioni hiyo. Zilikuwa nyingi kwa mtu mmoja.

Mwezi uliofuata chuo kiliajiri fundi mwingine, Murithi, mwanamume wa Ruiri aliyekaa muda mrefu bila kazi. Rwamba alimwonyesha chupa za dawa.

"Dirisha liko wapi, mwalimu?"

"Hakuna."

Murithi aliitikia kwa kichwa, akafunga mlango vizuri, vumbi lisiingie.